Kuchagua mashine ya kuchapa mabango na stika: mwongozo kwa anayefungua duka

Maswali hayabadiliki. Mashine ipi nzuri? Bei gani? Hedi, yaani kichwa kinachorusha wino, iwe XP600 au i3200? Mashine ya upana wa mita 1.6 itatosha? Anayeuliza huwa bado hajasema atachapa nini, na bila hilo jibu lolote ni la kubahatisha. Kazi unazotarajia ndizo zinazochagua wino, wino unachagua aina ya mashine, na fundi aliye karibu nawe ndiye anayeamua ununue chapa gani. Ukienda kwa mpangilio huo, mashine ishirini ulizoonyeshwa zitabaki mbili au tatu.

Mwongozo huu unamlenga mwenye fremu moja ya duka katika mji wa Afrika Mashariki, umeme wa kawaida wa nyumbani, na mtaji usioruhusu kununua mara mbili.

Uwe na hivi kabla ya kwenda kuuliza bei

- Orodha ya kazi ulizopokea miezi mitatu iliyopita, hata kama ulizipeleka kuchapwa kwa wengine.
- Vipimo vya chumba, na vya mlango. Mlango husahaulika.
- Bei ya jumla ya stika, fleksi (turubai la plastiki la mabango) na wino mjini kwako, kwa roli na kwa lita.
- Flashi yenye faili lako la majaribio (limeelezwa hatua ya 7).
- Akiba ya angalau theluthi moja ya bei ya mashine. Hiyo ni ya wino, maroli ya kuanzia, stabilaiza, UPS, plota ya kukata, meza na hedi ya pili. Ukimaliza fedha zote kwenye mashine, utakuwa na mashine iliyokaa tu.

Hatua ya 1: Andika kazi zako kwa vipimo

Chora safu nne kwenye daftari: aina ya kazi, upana wake, mita za mraba kwa wiki, na kama itakaa ndani au juani. Usiandike "mabango". Andika "bango la fleksi mita 3 kwa 2, la sherehe, siku tatu" au "stika ya bajaji, sentimita 40 kwa 60, juani mwaka mzima" au "rolapu (bango la kusimama linalovutwa juu) sentimita 85 kwa 200, ndani". Mistari hiyo mitatu inaweza kuhitaji mashine mbili tofauti.

Onyo: usipime biashara kwa msimu wa uchaguzi. Kuelekea kura kama ya Kenya ya Agosti 2027, karibu kila mwenye mashine hupata kazi ya fleksi. Ondoa kazi za kampeni kwenye hesabu, uone kinachobaki.

Hatua ya 2: Chagua wino kwanza

*Eko-solventi.* Ni wino wa kemikali inayopeperuka, ile isiyo kali. Kwa anayeanza na stika, rolapu, kuvalisha magari na mabango madogo, hapa ndipo pa kuanzia. Unachapa kwenye vinili, fleksi, kanvasi na stika ya matundu ya vioo vya magari. Harufu ipo lakini ni ya kuvumilika chumba kikiwa na feni ya kutoa hewa nje. Kwa picha iliyojaa rangi, mita moja ya mraba hutumia takribani mililita 8 hadi 12 za wino, kwa hiyo lita moja ni kama mita 100 za mraba. Udhaifu wake ni subira: stika ikitoka mashinani iache ipumue saa 24 kabla ya laminesheni (kuifunika kwa plastiki angavu). Wengi hawasubiri, na baadaye wanalaumu gundi.

*Solventi kali.* Huu ni wino wa mashine za mita 3.2 zinazotumia hedi kama Konica 512i. Gharama yake kwa mita ni ya chini na fleksi ya nje huistahimili vizuri, lakini mvuke wake ni mkali. Usiuweke kwenye fremu iliyo chini ya nyumba wanamolala watu, wala penye ukuta mmoja na mgahawa.

*Lateksi.* Ni wino wa maji unaokaushwa kwa joto. HP ndiyo iliyouleta sokoni mwaka 2008. Kazi inatoka kavu, unapiga laminesheni papo hapo, harufu ni ndogo, na hedi zake mtumiaji anabadilisha mwenyewe kwa mkono bila kumwita fundi. Hilo la mwisho lina thamani kubwa kwa aliye mbali na jiji. Bei yake ni umeme mwingi, wino wa katriji wenye chipu, na stika nyembamba zinazojikunja kwa joto. Ni chaguo zuri kwa anayefanya kazi za hoteli, hospitali, shule na maduka makubwa. Kwa stika za bodaboda za bei ya chini, hesabu yake haikubali.

*UV.* Wino hukauka papo hapo kwa mwanga, kwa hiyo unachapa juu ya akriliki, MDF, kioo, chuma na vigae. Mashine ya meza ya mita 2.5 kwa 1.3 inabeba bodi kubwa nzima ya kawaida. Usiinunue kuwa mashine yako ya kwanza isipokuwa kazi za vibao vigumu tayari unazo. Wino wake mbichi huwasha ngozi na unaweza kuleta mzio wa kudumu: glavu ni lazima, na taa yake usiitazame kwa macho.

*Sablimesheni na DTF.* Hizi ni za nguo: wino wa sablimesheni huingia kwenye uzi kwa joto, na DTF huchapwa kwenye filamu kisha ikahamishiwa nguoni kwa joto. Sablimesheni hushika polista tu, na vyema zaidi kwenye kitambaa cheupe: jezi, bendera, leso za matangazo. Fulana ya pamba usiipeleke huko. DTF inashika pamba na polista, nyeusi na nyeupe, kwa sababu ina wino mweupe na unga wa gundi. Wino mweupe una chembe nzito zinazotuama. Mashine ya DTF isiyochapa kila siku huziba, tena kwa uhakika. Kama oda za fulana zinakuja mara mbili kwa mwezi, endelea kununua kwa mita kutoka kwa wenye mashine.

*Wino wa maji wa plota za ramani.* Kama wateja wako ni wachora ramani za majengo, wapima ardhi na wanafunzi wa usanifu, achana na yote ya juu. Unahitaji plota ya inchi 36, yaani milimita 914, inayotosha A0 yenye upana wa milimita 841. Ile ya inchi 24 inaishia A1, na siku ya kwanza tu utaletewa A0.

Hatua ya 3: Upana

Kuna ukubwa tatu unaouzwa sana: mita 1.6, mita 1.8 na mita 3.2.

Mita 1.6 inabeba stika zote za kawaida, ikiwemo ya kuvalisha gari yenye upana wa mita 1.52. Mita 1.8 ina faida moja ambayo wauzaji hawaitaji: rolapu mbili za sentimita 85 zinakaa ubavu kwa ubavu kwenye roli la mita 1.8. Kwenye 1.6 unachapa moja moja. Kama rolapu ni sehemu kubwa ya daftari lako, tofauti hiyo ya bei inarudi.

Mita 3.2 inavutia kwa sababu bango la 3 kwa 2 linatoka kipande kimoja. Lakini fikiria uzito. Roli la fleksi ya gramu 440, mita 3.2 kwa 50, lina mita za mraba 160 na uzito wa zaidi ya kilo 70. Halibebwi na kijana mmoja, na halipiti kwenye ngazi yenye kona. Mashine yenyewe ina urefu wa zaidi ya mita 4.5 na inataka nafasi mbele na nyuma. Zaidi ya hayo, soko la fleksi pana kwenye miji mikubwa lina wenye mashine nyingi wanaokimbizana kwa bei. Kwa anayeanza tunashauri 1.6 au 1.8 ya eko-solventi, na fleksi pana aichape kwa jirani mwenye 3.2 kwa bei ya jumla. Vipande viwili vya fleksi unaweza kuviunga kwa gundi au kwa joto, ila mshono unaonekana, na mteja wa harusi atauona kabla hujalikunjua bango lote.

Hatua ya 4: Hedi

Hedi ndiyo moyo wa gharama. Mengine ni chuma, mikanda na mota.

XP600 ilitokana na printa ndogo ya mezani ya Epson. Ina mistari 6 ya nozeli (vitundu vya wino) 180, jumla 1,080. Bei yake ni ndogo na inapatikana kirahisi, lakini haikubuniwa kwa wino wa solventi: gundi ya ndani huchoka. Ihesabu kama tairi, kitu cha kubadilisha, na fedha ya hedi inayofuata uitenge tangu mwezi wa kwanza.

i3200 ilitengenezwa kwa viwanda. Ina nozeli 3,200 katika mistari 8 ya 400. Mashine ya rangi nne huipa kila rangi nozeli 800, ndiyo maana kasi yake iko mbali na ya XP600. Inadumu zaidi ikitunzwa, na ikiharibiwa kwa uzembe inauma zaidi mfukoni.

Onyo kubwa: i3200 zipo za aina tofauti. A1 ni ya wino wa maji, E1 ni ya eko-solventi, U1 ni ya UV. Kwa nje zinafanana sana. A1 ukiitia eko-solventi inakufa mapema, na muuzaji atasema ni umeme wako. Soma maandishi kwenye hedi yenyewe, usisome tangazo.

Hedi moja au mbili? Mbili za XP600 zinaongeza kasi na pia zinaongeza kazi ya kupangilia. Kwa anayejifunza, i3200 moja ni rahisi kutunza kuliko XP600 mbili. Kama mtaji unafikia XP600 tu, chukua moja yenye nafasi ya kuongeza ya pili, uthibitishe kwamba bodi, ile saketi inayoiendesha mashine, inaikubali.

Kuhusu Roland, Mimaki, Mutoh na Epson wenyewe: rangi zao hazikupi taabu, zinakwenda miaka, na programu inakuja kamili. Unalipa zaidi mwanzo, na hedi na wino wake ni ghali. Iliyotumika kutoka Ulaya au Dubai inaweza kuwa ununuzi mzuri au jeneza. Kinachoamua ni kama wino ulikamuliwa na mipira kusafishwa kabla ya safari. Mashine iliyokaa kontena miezi miwili ikiwa na wino ndani, hesabu hedi imekwisha.

Hatua ya 5: Piga hesabu kwa mita ya mraba

Bei zilizo hapa chini ni za kuonyesha njia tu, kwa shilingi za Tanzania. Weka zako.

Roli la stika mita 1.27 kwa 50 ni mita za mraba 63.5. Kama ni 160,000, mita moja ni 2,520. Ongeza asilimia 10 ya vipande vinavyoharibika: 252. Wino mililita 10 kwa lita ya 40,000: 400. Hedi ya 750,000 ikichapa mita 3,000 kabla ya kuchoka: 250. Jumla ni 3,422 kwa mita.

Sasa gharama zisizosubiri kazi. Kodi, mshahara na umeme 1,500,000 kwa mwezi. Mashine ya 12,000,000 uirudishe kwa miezi 24: 500,000. Jumla 2,000,000 kwa mwezi.

Ukichapa mita 600 kwa mwezi, mzigo huo unaongeza 3,333 kwa kila mita, na gharama yako inafika 6,755. Ukichapa mita 300, unaongeza 6,667, inafika 10,089. Kama jirani anakuuzia kwa jumla 7,000 kwa mita, unahitaji takribani mita 559 kwa mwezi ndipo mashine yako ianze kumshinda. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni kama mita 21.5 kila siku. Daftari la hatua ya 1 litakuambia kama unafika. Kama hufiki, nunua plota ya kukata na mashine ya laminesheni kwanza, uchapaji uendelee kwa jirani.

Hatua ya 6: Tafuta fundi kabla ya mashine

Nenda kwa wenye maduka ya kuchapa mjini kwako na uulize mambo matatu: mashine yao ikiharibika nani anakuja, anafika baada ya siku ngapi, na vipuri wanapata wapi. Jina moja likitajwa mara tatu, huyo ndiye fundi wako. Muulize anazijua bodi zipi. Mashine za Kichina hutumia bodi za watengenezaji wachache kama Hoson, Senyang na BYHX, na fundi anayeijua moja anaweza kuhangaika na nyingine. Ukiwa Sumbawanga au Lodwar, ni bora mashine ya kawaida ambayo fundi anaijua kuliko nzuri ambayo lazima umsafirishe mtu kutoka Dar es Salaam au Nairobi kila ikikohoa.

Uliza pia programu ya RIP, ile inayobadilisha picha kuwa amri za mashine. Maintop na PhotoPrint ndizo mafundi wengi wanazijua. Hakikisha unapewa dongle yake halisi (kifaa kidogo kama flashi kinachofungua programu) na nakala ya faili za mipangilio ya mashine. Kompyuta ikifa na faili hizo hazipo, mashine nzima inalala.

Hatua ya 7: Ijaribu kwa faili lako

Usikubali faili la muuzaji. Picha yake ya kasuku imechaguliwa kwa sababu hutoka vizuri siku zote. Tengeneza faili la mita 1 kwa 1 lenye:

- miraba minne ya rangi iliyojaa: nyekundu, bluu, kijani na nyeusi;
- kijivu kinachofifia polepole kutoka nyeusi hadi nyeupe;
- picha ya uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi, kwa sababu hapo ndipo rangi mbovu hujulikana;
- maandishi madogo ya pointi 8, na mistari myembamba ya wima na mlalo;
- fremu ya sentimita 90 kamili kwa 90.

Kisha fuata utaratibu huu dukani. Omba chapa ya kukagua nozeli kabla hawajasafisha hedi mbele yako. Chapa faili lako kwa pasi (mara ambazo hedi inapita juu ya sehemu moja) utakazotumia kazini, 6 kwa kawaida, huku ukipima muda kwa simu. Kasi iliyoandikwa kwenye karatasi ya matangazo ni ya pasi chache ambazo hakuna mteja atakubali. Endelea kuchapa nusu saa, kagua nozeli tena. Izimeni, subirini nusu saa, iwasheni, kagua mara ya tatu. Nozeli zikipungua kila mara, mfumo wa wino una kasoro.

Pima fremu kwa futi ya chuma: tofauti ya milimita moja inarekebishika, ya milimita tano inataka maelezo. Vuta roli mita 10 bila kuligusa uone kama linaenda upande. Mashine inayopindisha roli itakuharibia kila kazi ndefu, na hakuna programu inayotibu roli lililopinda.

Hatua ya 8: Chumba na umeme

Mashine ya mita 1.6 ina urefu wa karibu mita 2.7. Acha mita moja kila upande wa mbele na nyuma, na nafasi ya meza ya kumalizia. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni cha kubana lakini kinatosha. Joto la 20 hadi 28 na unyevu wa asilimia 40 hadi 60 ndivyo hedi inavyopenda. Pwani, karatasi ya nyuma ya stika hunywa unyevu na kuvimba mawimbi, kwa hiyo roli lililofunguliwa lirudishe kwenye mfuko wake. Dodoma na maeneo makavu adui ni vumbi na umeme tuli: piga deki kwa maji, usifagie mashine ikichapa.

Hita na feni ya kukaushia zinaweza kufikisha kilowati 2 hadi 3. Ipe mashine laini yake kutoka kwenye bodi ya umeme. Stabilaiza ya kVA 5 kwa mashine nzima, kisha UPS ya kVA 2 kwa kompyuta na upande wa kuchapa tu. Mashine nyingi za Kichina zina nyaya mbili, moja ya kuchapa na moja ya hita; hita usizipitishe kwenye UPS. Inveta, kama unayo, iwe ya wimbi safi. Erthi iwe ya kweli, fimbo ya shaba ardhini, na fundi umeme akupimie kwa kifaa: chini ya omu 5. Erthi mbovu huua bodi na hedi kimya kimya, na waranti haifiki huko.

Hatua ya 9: Kulipa na kusafirisha

Ukinunua mjini, dai risiti halali, namba ya mashine kwenye ankara, na waranti inayotaja hedi kwa jina. Waranti nyingi huacha hedi nje.

Ukiagiza China, bei ya FOB ni ya hadi kwenye meli kule tu. Juu yake kuna usafiri, bima, bandari, wakala wa forodha, na VAT ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Mashine za kuchapa ziko kichwa namba 8443 cha ushuru. Mpe wakala ankara ya awali akupigie hesabu kabla hujalipa. Mizigo inayohitaji ukaguzi wa TBS au KEBS (mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya) hukaguliwa kabla haijapakiwa, na kuliruka hilo kunakuja na faini. Kulipa asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kupakia ni kawaida. Kabla ya ile 70, taka video ya nozeli inayoonyesha namba ya mashine yako, na uombe hedi ifungwe pembeni, isisafiri ikiwa mashinani.

Hatua ya 10: Siku kumi na nne za kwanza

Fundi akiisimika, usimwache aondoke kabla hujafanya mwenyewe, mbele yake, usawazishaji wa miguu, upangaji wa hedi wima na mlalo, na hatua ya roli (umbali linaosogezwa kila pasi) kwa kila aina ya stika. Andika namba ukutani.

Asubuhi kagua nozeli, chapa ukanda mdogo wa rangi zote. Jioni safisha kapingi (kikalio cha hedi), waipa (mpira unaoifuta) na kingo za hedi kwa pamba maalumu na dawa ya kusafishia, sio spiriti ya dukani. Sahani ya nozeli usiifute. Ukifunga zaidi ya siku moja, lowesha kapingi kwa dawa ndipo uirudishe hedi juu yake. Usichanganye wino wa chapa mbili. Ukibadilisha, kamua na safisha mfumo mzima.

Matatizo ya mwanzo na tiba zake

*Mistari myeupe ya mlalo inayojirudia kwa umbali sawa.* Hatua ya roli si sahihi. Irekebishe kwa aina hiyo ya stika. Watu hukimbilia kusafisha hedi mara kumi na kumwaga wino bure.

*Mistari isiyo na mpangilio, ya rangi moja.* Nozeli zimeziba. Safisha mara moja au mbili, subiri dakika 20, kagua. Kama nozeli zilizokosekana zinahama kila mara, ni hewa: angalia dampa (kichujio kidogo cha wino juu ya hedi) na viungo vya mipira.

*Rangi inaanza vizuri, inafifia katikati ya kazi.* Hedi inakosa wino. Dampa imeziba, mpira umejikunja, au tanki limeshuka. Dampa badilisha zote kwa pamoja.

*Maandishi yana kivuli.* Panga upya uchapaji wa kwenda na kurudi wa hedi. Kama haikutulia, kagua urefu wa hedi juu ya stika (milimita 2 hivi), kisha futa mkanda wa enkoda (ukanda angavu unaoiambia mashine hedi iko wapi) taratibu kwa kitambaa laini.

*Hedi inagusa stika.* Kingo zimejikunja kwa joto au unyevu. Punguza hita, bana kingo, na sentimita chache za mwanzo wa roli zikate.

*Gari la hedi (kibebeo chake) linakwenda kwa kishindo na kugonga ukingo.* Mkanda wa enkoda una wino au mkwaruzo. Zima mara moja.

*Wino haukauki.* Pasi ni chache, wino umezidi kwenye wasifu wa rangi (mipangilio ya rangi ya stika hiyo kwenye RIP), au stika ni ya ubora mdogo. Jaribu stika nyingine kabla ya kugusa mashine.

*Nyekundu inatoka ya machungwa au ya damu ya mzee.* Faili ni la RGB (rangi za skrini), au wasifu wa rangi si wa stika hiyo. Chapa chati ya rangi kwenye kila aina ya stika uitundike dukani, mteja achague hapo badala ya kwenye simu yake.

*Umeme umekatika katikati ya kazi.* Kwenye mashine nyingi za Kichina unaweza kusukuma gari la hedi kwa mkono hadi juu ya kapingi. Fanya hivyo ndani ya dakika chache, ukiwa umezima swichi kuu. Kazi iliyokatika itupwe. Hedi iliyokauka hewani haitupwi kirahisi.

*Hedi imekufa ghafla baada ya kuisafisha.* Mara nyingi waya bapa wa hedi ulipata tone la dawa. Kabla ya kuuchomoa au kuuchomeka, zima umeme, chomoa plagi, subiri dakika tano, ufute ukauke. Waya wenye unyevu ukiwashwa unaunguza hedi pamoja na bodi yake, na ukifunga hedi mpya bila kuikagua bodi, nayo itaungua.

Kabatini weka: dampa seti moja, kapingi moja, waipa mbili, waya wa hedi mmoja, mkanda wa enkoda mmoja, sirinji, dawa ya kusafishia lita 1, na wino lita 1 ya kila rangi. Nyeusi weka lita 2 kama kazi yako kubwa ni maandishi.